Tuliounda amplifaya kwa mikono yetu, tupeane uzoefu: vifaa gani ulichagua, nini kilikutokea?

Kijiti cha Risasi
Wakuu, salaam. Jana nilikuwa duka la vifaa vya redio Kariakoo. Mbele yangu kijana anaulizia C5200 na A1943, jozi nne, anataka kuunda mashine ya sherehe. Muuzaji akamuuliza, "Unataka za bei gani? Ziko za bei tatu." Transista namba ileile, chapa ileile, bei tatu! Nikakumbuka mengi. Aliyewahi kuunda mashine anajua hapo ndipo msiba unapoanzia. Waliopitia wamwagike hapa.

Fundi wa Kitunda
Bei tatu ndiyo hali halisi. C5200 ya Toshiba halisi ni volti 230, ampea 15, wati 150. Feki nayo kwa nje imeandikwa vilevile, ila ukiivunja kwa koleo unakuta kipande cha silikoni kidogo kama kiroboto katikati ya bamba. Nikienda duka nisilolijua, nanunua moja ya kuvunja kwanza. Ikinidanganya, sirudi.

Binti Sakina
Kweli kabisa. Hiyo moja ya kuvunja ni nafuu kuliko spika.

Mtu wa Luthuli
Hapa Nairobi nilipasua kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme, imeandikwa mikrofaradi 10,000 volti 63. Ndani ya lile ganda kubwa kulikuwa na kapasita nyingine ndogo imefichwa, nafasi iliyobaki tupu. Nilikuwa nashangaa kwa nini besi ikipiga sauti inakwama na mlio wa "mmm" hauishi. Siku hizi natembea na mita yenye kipimo cha kapasita. Muuzaji akikasirika nikipima, najua jibu.

Mzee wa Sabufa
Vijana mnapenda makubwa. Anayeanza aachane na transista, achukue TDA7294, aisii moja yenye amplifaya nzima ndani. Mpe volti 35 chanya na 35 hasi kwa spika ya omu 8, au 27 kwa 27 kwa omu 4, atapata muziki mzuri kabisa. Mwisho wake ni 40, msivuke. Na tafadhali wekeni maika, kile kikaratasi cha kuzuia umeme, mgongoni mwa aisii! Lile bamba la mgongoni limeunganishwa na hasi. Ukilibana kwenye hitisinki, lile chuma la kupozea joto, bila maika, na hitisinki ikagusa boksi, imekwisha.

Fundi wa Kitunda
Mzee wangu, heshima yako, lakini aisii hizo nazo feki zimejaa. Na ikiungua unatupa yote. Transista ikifa nabadilisha jozi.

Mzee wa Sabufa
Unabadilisha jozi, kesho zinaondoka na draiva, zile transista ndogo zinazoziendesha, keshokutwa rezista za emita. Nimeyaona hayo tangu enzi za transista za 2N3055.

Mwana Moro
Ngoja niwaambie ya Morogoro. Sendofu ya binti wa mjomba wangu, mashine nimeunda mwenyewe. Transfoma ya volti 32-0-32, ikitoka kwenye kapasita ni volti 45 chanya na 45 hasi. C5200 na A1943, jozi tatu kila upande. Nyumbani nimeipigisha siku nyingi tu, joto la kawaida.

Siku yenyewe mambo yameanza vizuri, wazee wameingia, MC anatamba. Keki inaletwa, yule wa muziki akapandisha sauti. Nikasikia "pu!" moja, wala si kubwa. Upande wa kulia ukanyamaza. Halafu ikaja ile harufu mnayoijua, vanishi na gundi vinaungua. Kugeuka, spika ya inchi 15 imesukuma karatasi yake nje yote na imebaki palepale, haichezi, moshi unatoka kwenye tundu la boksi.

Transista ilikuwa imeshoti ndani. Volti 45 zinakwenda moja kwa moja kwenye koili. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita inasoma kama 6 hivi. Pigeni hesabu: ampea 7 na nusu, zaidi ya wati 300 za joto tupu, hakuna muziki. Fyuzi ya ampea 10 inaziangalia tu zikipita. Karatasi ikashika moto mbele ya wageni.

Nakimbilia swichi ya ukutani, nakutana na akina mama wanacheza na keki. Shangazi mmoja kaona moto, kabeba ndoo ya maji ya kunawa. Spika iko juu ya meza, mashine iko chini yake, umeme unawaka! Nikapiga ukelele. Kijana mmoja akang'oa eksitensheni, maji yakamwagika umeme ukiwa umeshakatika. Namshukuru Mungu kwa yule kijana mpaka leo.

Zile transista niliziona kwa macho yangu zikitolewa kwenye mfuko uliofungwa. Nilipozivunja baadaye, kiroboto kilekile cha Fundi wa Kitunda.

Binti Sakina
Mungu wangu! Na bi harusi?

Kijiti cha Risasi
Keki ilipona? Usituache njiani mkuu.

Mwana Moro
Keki ilipona. Bi harusi alilowa pindo la gauni. Mjomba hakunisemesha mpaka siku ya ndoa.

Mzee wa Sabufa
Pole sana mwanangu. Lakini bodi ya kulinda spika ilikuwa wapi?

Mwana Moro
Ilikuwepo mzee. Rilei yake, ile swichi inayojikata yenyewe kwa umeme, nilikuta vidole vya ndani vimeshikana kwa cheche.

Fundi wa Kitunda
Hapo sasa. Someni maandishi ya rilei zenu. Nyingi zimeandikwa ampea 10 kwa volti 30 za DC. Ukiipa 45, inafunguka lakini cheche inaendelea kuruka hadi inayeyusha. Unganisha hivi: mguu wa kati uende kwenye spika, mguu wa pili uingie mashine, ule wa tatu unaogusa rilei ikiwa imelala, yaani haina umeme, uupeleke graundi. Hata cheche ikiruka, inashuka graundi, fyuzi inakatika, spika inabaki salama.

Mtu wa Luthuli
Hii ya mguu wa tatu sikuijua. Asante sana.

Chuga Besi
Mimi naomba msaada tofauti. Yangu inaunguruma nikiunganisha laptopu, nikichomoa chaja inanyamaza.

Kobe wa Tanga
Kata pini ya ethi kwenye plagi, kwisha habari.

Fundi wa Kitunda
USIMWAMBIE MTU HIVYO! Boksi la chuma likiguswa na waya wa 230, ethi ndiyo inayokuokoa. Chuga, nunua kitransfoma cha sauti cha uwiano wa 1:1, weka kati ya laptopu na mashine. Au graundi ya saketi iunganishe na boksi kupitia rezista ya omu 10, lakini boksi lenyewe libaki na ethi yake.

Kobe wa Tanga
Mbona yangu nimekata siku zote na niko hai?

Binti Sakina
Kobe, una watoto nyumbani. Irudishe hiyo waya leo.

Mzee wa Sabufa
Na kabla ya kuwasha mashine mpya, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 100 kwa mfululizo, ile ya waya, si LED. Iking'aa kidogo ikafifia, salama. Iking'aa ikabaki inawaka, zima haraka, kuna shoti.

Kijiti cha Risasi
Hizo balbu siku hizi zinapatikana wapi, mzee?

Mtu wa Luthuli
Wafuga vifaranga wanazo.

Nyota Njema
Jamani samahani kuingilia. Nimepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani, safi kabisa, nataka kuichomeka sasa hivi nitoe vifaa vyake nikishaisikia.

Fundi wa Kitunda
Usiichomeke dada! Japani ni volti 100, hapa ni 230, utaua transfoma na hizo transista nzuri kwa pamoja. Tafuta kwanza transfoma ya kushushia. Na ikiwa nzima, usiivunje, nipigie picha ya ndani tuone.