Bedford ya jeshi ya zamani, Mwanza: juu ya kabini niweke rashasha ya bandia au niache tundu wazi?

Ng'wana Kisesa (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Niko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Baba mkubwa, Mungu amrehemu, alituachia lori la Bedford, la kijeshi la Waingereza, alilolipata mnadani enzi hizo akawa anabebea pamba na mbao mpaka lilipochoka. Lilikaa chini ya mwembe miaka na miaka. Sasa limefufuka. Injini ya petroli inawaka bila kusukumwa, breki zinashika, bodi ya nyuma nimeipa mbao mpya na turubai.

Kwenye paa la kabini kuna tundu la duara. Mtu mzima anasimama humo, kifua na kichwa vinabaki nje. Kila anayekuja kuliangalia lori anauliza hapo palikaa nini. Nataka nilipaki uwanjani kwetu, maana wageni na wanafunzi wanaokwenda makumbusho ya Bujora wanapita hapa hapa, waone na wasikie habari za Vita vya Kagera wazee wetu wakiwa bado hai. Juu ya tundu nimefikiria niweke rashasha ya bandia, ile Browning kubwa ya milimita 12.7 inayoonekana kwenye picha za malori ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili.

Naomba ushauri. Je, ndiyo silaha ya gari hili? Inafungwaje? Sheria inasemaje? Na Nanenane nina hamu ya kulipeleka viwanja vya Nyamhongolo likiwa kamili.

Natanguliza shukrani.

Chuma Kilichopoa

Hongera sana mkuu, magari haya yameishia kwenye skrepa karibu yote.

Kabla ya silaha, lijue gari lako. Kama matairi ya nyuma ni moja moja kila upande, magurudumu yote manne yanavuta, na pua ya kabini ni ya mviringo, hiyo ni Bedford RL, iliyoanza kutoka kiwandani 1953, miaka minane baada ya vita unavyovisema. Na kama ni RL, Browning si yake. Tundu lile Waingereza walilitoboa ili askari mmoja asimame achunge anga msafara ukitembea, na akipewa silaha anapewa rashasha nyepesi kama Bren, ambayo ina kilo 10 hivi.

Picha unazozisema ni za GMC CCKW, lori la tani mbili na nusu lenye ekseli tatu, zote zinavuta. Wamarekani walitengeneza zaidi ya 500,000 kati ya 1941 na 1945, na takriban gari moja kati ya kila manne lilifungwa duara la chuma juu ya kabini, bunduki ikizunguka humo pande zote. Lengo lilikuwa ndege zinazoshuka chini kumimina risasi kwenye msafara. Dereva hawezi kukwepa ndege akiwa amebanwa barabarani mbele na nyuma, kwa hiyo angalau gari moja msafarani liwe na cha kujibu. Duara hilo lilijulikana kama M49. Baada ya vita likaja la M66, ndilo utakaloliona kwenye M35, malori ya Kimarekani ya baada ya vita.

Kwa hiyo ukiweka Browning juu ya RL, anayejua magari atacheka, na asiyejua atakwenda nyumbani na habari isiyo ya kweli. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Fundi Bati Nyakato

Nimesoma. Mimi nachomelea bodi za malori kila siku, nizungumzie chuma.

Paa la kabini ni bati tu. Linazuia mvua na jua, halikuumbwa kubeba mzigo. Kwenye malori yaliyofungwa silaha kweli, duara lilibebwa na nguzo zilizoteremka mpaka kwenye sehemu imara za gari, ili bunduki ikipiga, kishindo kisiishie kwenye paa. Wewe hutapiga kitu, lakini barabara zetu unazijua. Ukiweka bomba la chuma la kilo 30 au 40 pale juu ukatembea nalo mpaka mjini, nyufa zitaanza kwenye kona za kioo cha mbele, bati litapasuka taratibu kufuata mstari wa kuchomelea. Nimeziba nyufa za namna hiyo kwenye malori yaliyobebeshwa mizigo juu ya kabini.

Ukitaka duara, pindisha bomba jepesi, ulifunge kwa bolti kwenye ukingo wa tundu pale lilipoimarishwa, weka mpira katikati. Usichomelee moja kwa moja. Bati la gari la zamani ukilipa moto mwingi linakunjamana, na siku ukitaka kurudisha lilivyokuwa huwezi.

Chuma Kilichopoa

Fundi amegusa penyewe. Wamarekani walijifunza jambo hilo hilo Vietnam. Tarehe 2 Septemba 1967 msafara wao ulivamiwa kwenye barabara namba 19, karibu na An Khe, magari mengi yakaungua. Baada ya hapo madereva wenyewe wakaanza kuyageuza malori yao kuwa ya ulinzi: kwanza mbao na mifuko ya mchanga, halafu mabamba ya chuma, halafu rashasha pande zote. M35 ya tani mbili na nusu ikazidiwa na uzito huo, wakahamia M54 ya tani tano. Ukianza kufunga silaha juu ya lori, unaongeza kinga, kinga inaongeza uzito, na uzito unadai gari kubwa zaidi.

Kijana wa Igoma

Mkuu, ungeifanya iwe inatoa mlio kabisa! Kuna video za wazungu, bunduki zao za maonyesho zinalia kwa gesi na moto unaonekana mdomoni. Watoto wangefurahi sana.

Fundi Bati Nyakato

Mdogo wangu, hapana. Zile zinachanganya gesi ya kupikia na oksijeni halafu zinawashwa kwa cheche. Mimi mitungi hiyo miwili naishi nayo gereji, naiheshimu. Juu ya lori la petroli, watoto wamelizunguka? Mtoa mada usithubutu.

Afande Mstaafu

Mwanangu, nimefurahi kuona kijana anajali habari hizi. Nilikuwa upande wa Kyaka.

Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, sisi tulipelekwa mbele kwa chochote chenye magurudumu. Malori ya mashirika, malori ya watu binafsi, mabasi ya abiria, yote yaliitwa kazini. Nilipanda lori ambalo ubavuni bado lilikuwa na jina la mwenye duka. Hakuna aliyelifunga rashasha. Lilibeba watu, mchele, maji na majeneza.

Silaha iliyofungwa juu ya lori ambayo watu wa vita ile hawataisahau ni BM-21. Ni lori la Kirusi la Ural-375D, na mgongoni limebeba mabomba 40 ya roketi za milimita 122. Yote 40 yanaondoka ndani ya sekunde 20 hivi, na yanafika kilomita 20. Waganda waliibatiza Saba Saba. Ukisimama nyuma yake wakati inafyatua, ardhi yote inatimka vumbi, husikii kitu kwa muda mrefu.

Na wewe wa Mwanza una habari yako ya nyumbani. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kutaka kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, swala wakafa. Waeleze wanafunzi hayo. Na waeleze kwamba ndege ile inapita kasi kuliko sauti, askari aliyesimama kwenye tundu la Bedford na rashasha yake asingekuwa na la kufanya. Ndiyo maana silaha za juu ya kabini zilipungua maana kadiri ndege zilivyoendelea.

Ng'wana Kisesa

Shikamoo mzee wangu. Hili la lori lenye jina la mwenye duka sijawahi kulisikia popote. Naomba ruhusa yako nilitumie kwenye maelezo ubavuni mwa gari.

Afande Mstaafu

Marahaba. Litumie, ila usiandike namba ya kikosi wala jina langu.

Wakili wa Pembezoni

Ndugu mtoa mada, upande wa sheria nakuomba uwe makini sana.

Silaha halisi, hata mbovu, hata iliyozibwa mtutu, usiiguse. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na leseni, na rashasha ya kivita raia hapewi. Ukiletewa "kipande cha zamani" na mtu wa skrepa, kataa, toa taarifa polisi.

Ya mbao: usiinyanyue mpaka uwe na barua. Andika kwa Mkuu wa Polisi wa wilaya yako, eleza gari, lengo, mahali litakapokaa, ambatanisha picha. Nakala ipitie serikali ya mtaa. Barabarani usiende nayo kabisa. Askari anayeona mtutu juu ya lori akiwa umbali wa mita 100 pale Buzuruga hawezi kujua kama ni mbao, na hapaswi kusubiri ajue.

La pili ambalo hukuuliza: rangi na mavazi. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba wananchi wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo. Usimvishe kijana kombati asimame kwenye tundu apigwe picha. Na gari lako usilipake mabaka ya jeshi letu wala alama zake. Liache kijani cha zamani kilichofifia ikiwa kadi ya gari inaruhusu, na kwenye barua yako utaje rangi.

Mdau wa Ng'ambo

Naongezea toka Uingereza, ambako magari haya ni mengi kwenye maonyesho. Hata huku, sheria ya 2006 ilibana uuzaji wa bunduki za bandia zinazofanana mno na halisi, makumbusho na waigizaji wa historia wakapewa nafasi maalumu. Nimeona wengi wanaonyesha RL tundu likiwa tupu, mfuniko umefunguliwa, basi.

Mama Kirumba

Mimi sijui magari. Nina watoto shuleni, ndio hao mnaosema watapita kuangalia. Kaka yangu, mtutu ukielekea barabarani, mtoto wa kwanza atakachofanya ni kupanda na kuwalengea wenzake. Kila mmoja atataka apigwe picha hivyo. Halafu hayo ya majeneza aliyosema mzee nani atayasikiliza? Bunduki itameza kila kitu kingine. Mtoto akisimama kwenye tundu tupu akaangalia juu, atauliza alikuwa anatazama nini, na hapo ndipo utamsimulia ndege ya Saanane.

Ng'wana Kisesa

Wakuu, nimeelewa. Nimekwenda kukagua: matairi moja moja, pua ya mviringo. Ni RL. Browning imefutika.

Silaha siweki, si ya mbao si ya bomba. Mfuniko nitauacha wazi mchana, ndani nitaweka ngazi ndogo ili mtoto mmoja mmoja asimame. Ubavuni nitabandika ubao wenye mchoro wa CCKW na duara lake, na mwingine wa Ural na mabomba yake 40, ili tofauti ionekane bila kudanganya kwamba gari letu lilikuwa hivyo. Barua kwa polisi naandika hata hivyo, kwa ajili ya safari ya Nyamhongolo.

Fundi, limebaki moja. Mfuniko unavuja. Mvua za ziwani zikija na upepo, kiti cha abiria kinalowa chote. Silikoni nimejaribu, inabanduka.

Fundi Bati Nyakato

Silikoni haishiki kwenye kutu. Kwangua ukingo mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa. Kisha tafuta mpira wa mlango wa lori, ule wenye utepe wa chuma ndani, uuvalishe ukingoni kuzunguka tundu lote, maungio yawe upande wa nyuma ili upepo usiyafungue. Kagua na bawaba. Zikiwa zimelegea mfuniko haukandamizi mpira, utavuja tu. Njoo nalo Jumamosi asubuhi, nina kipande cha mpira kinachotosha.