MJADALA: Anayesimamia fedha za watu alazimishwe na sheria kuwa na cheti cha taaluma?

Mizania (mleta mada)

Wakuu, naomba hili tulijadili bila kuzungushana. Rubani harushi ndege bila leseni, na daktari wa upasuaji hashiki kisu kabla hajasajiliwa. Lakini anayekabidhiwa akiba za uzeeni za maelfu ya watu, aamue kiasi gani kiende kwenye hisa na kiasi gani kwenye hati fungani (mikopo kwa serikali au kampuni), mara nyingi anadaiwa mtihani mfupi wa mdhibiti wa masoko ya fedha na leseni ya kampuni yake, basi. Vyeti vizito vya taaluma ya uwekezaji, CFA (Chartered Financial Analyst) kikiwa mfano unaojulikana zaidi, vimebaki vya hiari. Mimi nasema viwe sharti kwa kila mwenye mamlaka ya kununua na kuuza kwa niaba ya mteja bila kumuuliza kwanza.

Kwa ambao hawajakisoma: mtihani wa kwanza wa CFA ulifanyika 1963 ukiwa na watahiniwa 284. Leo kuna ngazi 3. Ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua jibu, vipindi viwili vya dakika 135, yaani sekunde 90 kwa swali. Ya pili unasoma kisa cha kampuni au mfuko, kisha unajibu maswali 4 juu ya kisa hicho, jumla maswali 88. Ya tatu ina visa kama hivyo, na karibu nusu unaandika majibu mwenyewe. Ukizifaulu zote bado hujapata cheti. Unadaiwa saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zilizotimizwa kwa muda usiopungua miezi 36, na watu wa kukuthibitisha. Maadili yanatahiniwa katika kila ngazi. Mchujo wa namna hiyo ndio unaomstahili mtu anayeshika akiba ya mwenzake.

Riba_Mseto

Mkuu, napinga, na sipingi kwa sababu cheti ni kibaya. Napinga neno "sharti".

Anza na muda. Taasisi ya CFA yenyewe inashauri takribani saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Mfanyakazi anayeweza kupata saa 12 kwa wiki atahitaji wiki 25 kwa ngazi moja, hapo tumejalia hafeli. Na kufeli ni jambo la kawaida hapa: Julai 2021 waliofaulu ngazi ya kwanza walikuwa asilimia 22. Kila ngazi unaruhusiwa kujaribu mara 6 tu maishani, mara 2 kwa mwaka, na aliyefeli ya Februari haruhusiwi kufanya ya Mei. Kwa ada za 2024, aliyejiandikisha mapema alilipa dola 940 na aliyechelewa 1,250, kwa kila ngazi na kwa kila kurudia, mbali na dola 350 za kuingia mara ya kwanza. Bado hujanunua vitabu vya mazoezi.

Pili, alama ya kufaulu inaamuliwa na bodi ya taasisi hiyo baada ya kila mtihani. Ukiweka cheti hiki kwenye sheria, umekabidhi mlango wa kazi kwa taasisi binafsi ambayo bunge lako haliwezi kuihoji.

Tatu, hiki ndicho watu hawapendi kukisema. Kanuni za maadili za CFA zinamkataza mwenye cheti kudai kwamba cheti kinamhakikishia matokeo bora ya uwekezaji. Ripoti za SPIVA, zinazolinganisha mifuko na kipimo cha soko, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mameneja wengi wa hisa za kampuni kubwa za Marekani wanashindwa na S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za nchi hiyo, wakipimwa kwa miaka 10 au zaidi. Mameneja hao hawakukosa vyeti. Sasa sheria itamlazimisha mwananchi amlipie nani, na kwa faida ipi?

Mizania

Ndugu Riba_Mseto, hoja ya tatu haijibu nilichosema. Leseni ya udereva haimfanyi mtu ashinde mashindano, inapunguza idadi ya wanaogonga. Sidai cheti ili mteja aishinde S&P 500. Nadai asipoteze nyumba kwa sababu mshauri hakujua tofauti ya kuweza kubeba hatari na kutamani kuibeba.

Kanuni_Kwanza

Hapo mleta mada amegusa penyewe, naomba nipafungue kidogo maana ndiko wateja wanakoumia.

Mstaafu ana 1,000,000. Anahitaji 60,000 kila mwaka na hana kipato kingine. Anakwambia, "Mimi siogopi, weka zote kwenye hisa." Mshauri asiyefundishwa anaandika "mteja jasiri" na kumwekea hisa tupu. Aliyefundishwa anatenganisha mambo mawili: utayari wa mteja, ambao ni mkubwa, na uwezo wake, ambao ni mdogo kwa sababu hana pa kufidia. Vikigongana, unafuata kilicho kidogo. Halafu anapiga hesabu: 60,000 ni asilimia 6 ya mtaji, mfumuko wa bei ukiwa 3, anahitaji karibu asilimia 9 kwa mwaka ili mtaji usiliwe. Hapo anamrudia mteja kumweleza wazi kwamba matumizi hayo hayaendani na hatari anayoweza kuibeba, apunguze matumizi au akubali mtaji upungue. Yote yanaandikwa kwenye tamko la sera ya uwekezaji kabla ya kununua hisa hata moja.

Mazungumzo hayo ya kumrudia mteja ndiyo kazi yenyewe. Na kuyajua hakuhitaji ngazi 3. Kwa hiyo siko na mleta mada moja kwa moja. Uingereza ilipobadili kanuni zake za ushauri wa fedha kwa wateja wa kawaida, kuanzia 31 Desemba 2012, haikudai CFA. Ilidai sifa ya ngazi ya 4 katika mfumo wao wa elimu, ambayo ni kama mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, pamoja na tamko la hadhi ya kitaaluma linalohuishwa kila mwaka na saa 35 za kujiendeleza kwa mwaka. Siku hiyohiyo ikapiga marufuku kamisheni kutoka kwa watengeneza bidhaa za uwekezaji. Kwa maoni yangu hiyo marufuku ilikuwa na uzito kuliko mtihani. Mshauri mwenye vyeti vitatu anayelipwa na kampuni ya mfuko bado ataupendekeza mfuko huo.

Riba_Mseto

Kanuni_Kwanza, nakubaliana nawe kwa kila neno kuhusu kamisheni.

Naongeza hili: mitihani hii inapima pia vitu visivyohusiana na uaminifu. Watu wanafeli kwa sababu ya kalkuleta. Mtu anashindwa kupata haki ya kufanya kazi kwa sababu ya kitufe?

Hesabu_Wazi

Dada, hoja hiyo inasemwa sana, lakini angalia kinachotokea hasa.

Kalkuleta zinazoruhusiwa ni za aina mbili tu, Texas Instruments BA II Plus na Hewlett Packard 12C, kila moja na toleo lake la juu. BA II Plus ikitoka kiwandani inapiga hesabu kwa mfululizo: andika 2 + 3 × 4 itakupa 20. Jibu ni 14. Lazima uingie kwenye mipangilio uiweke ifuate kanuni za aljebra, na uongeze desimali kutoka 2 hadi angalau 4.

Kosa baya zaidi ni lile la mwanzo na mwisho wa kipindi, yaani kalkuleta kuhesabu malipo kama yanakuja mwanzoni mwa mwaka badala ya mwishoni. Chukua hati fungani ya miaka 5 yenye thamani ya 100, inayolipa 6 kila mwaka, soko likidai asilimia 8. Bei yake ni 92.01. Kalkuleta ikiwa imebaki kwenye malipo ya mwanzo wa kipindi kutoka swali lililopita la kodi ya pango, inatoa 93.93. Ukitazama kwa jicho la haraka huwezi kushtuka, kwa sababu hati inayolipa chini ya soko lazima iwe chini ya 100, na zote mbili ziko chini ya 100. Sasa angalia machaguo: usishangae kuikuta 93.93 pale. Majibu ya uongo kwenye mitihani hii hutungwa kutokana na makosa yanayotarajiwa.

Je, hicho ni kitufe tu? Tofauti ni 1.92 kwa kila 100. Kwenye oda ya milioni 10 ni 192,000 za mteja. Anayeshindwa kuuliza "malipo haya yanakuja lini?" atashindwa pia kazini, akiwa na jedwali la kompyuta mbele yake. Ninachokubali ni kwamba sekunde 90 kwa swali zinapima kasi, na kazini kasi hiyo haihitajiki.

Tukiwa hapa, wanaojiandaa wasikie: hakuna alama inayokatwa kwa kubahatisha, usiache swali wazi. Maadili ni asilimia 15 hadi 20 ya ngazi ya kwanza, na wengi huyaacha wiki ya mwisho wakidhani ni busara ya kawaida, kumbe yanadai usome kanuni zenyewe. Ngazi ya tatu, ukiombwa sababu mbili andika mbili, ya tatu haisomwi na imekula dakika zako. Na pasipoti ya kusafiria ikague kabla ya kulipa ada, maana iliyokwisha muda inakurudisha mlangoni.

Kanuni_Kwanza

Sawa kabisa. Tumwangalie basi mtu ambaye kila upande humtaja: Bernard Madoff, Mmarekani aliyewatapeli wateja wake kwa faida za kubuni, aliyeanguka Desemba 2008. Harry Markopolos, mwenye cheti cha CFA, alikuwa akimpelekea mdhibiti wa Marekani maonyo tangu 2000. Hakuwa na nyaraka za siri. Aliona faida zinapanda karibu kama mstari ulionyooka, hali mkakati uliotajwa ulifungamana na soko la hisa linaloyumba. Kisha akaona kwamba mikataba ya chaguo (haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) iliyokuwepo sokoni haikutosha kuufanya mkakati huo kwa fedha nyingi kiasi kile. Ujuzi wa aina hiyo ndio unaofundishwa kwenye masomo ya CFA.

Riba_Mseto

Na mkaguzi aliyetia saini vitabu vya Madoff alikuwa mhasibu mwenye leseni kamili, akakiri makosa mahakamani 2009. Mdhibiti aliyepokea maonyo naye hakukosa wasomi. Kesi moja, ujuzi upande mmoja, leseni upande wa pili. Ndiyo maana nasema mali za mteja zikae kwa mtunzaji wa tatu asiyehusiana na meneja. Madoff alikuwa meneja na mtunzaji kwa wakati mmoja. Kifungu kimoja cha kutenganisha kingemzuia kuliko mitihani mitatu.

Mizania

Hicho kifungu nakiunga mkono kwa mikono miwili, na hakigombani na changu.

Riba_Mseto

Basi nijibu swali moja ambalo limekwepwa tangu mwanzo. Cheti kinadai saa 4,000 za kazi ya uwekezaji. Sheria yako inasema usifanye kazi hiyo bila cheti. Saa hizo atazipata wapi?

Mizania

Swali zito, na nilipaswa kuanza nalo. Jibu liko kwenye maana ya saa zenyewe. Si lazima uwe mwenye mamlaka ya kununua na kuuza. Mchambuzi anayeandaa tathmini ya kampuni ambayo meneja ataitumia kuamua, saa zake zinahesabika. Zinahesabika kabla ya mitihani, katikati yake au baada yake. Kwa hiyo kifungu kisitaje anayeingia ofisini. Kimtaje yule ambaye jina lake linaidhinisha oda.

Na kipindi cha mpito kisipungue miaka 5. Ngazi ya kwanza inafanyika mara 4 kwa mwaka, ya pili mara 3, ya tatu mara 2 tu, Februari na Agosti. Aliyefeli mara moja kwenye kila ngazi, akiwa na kazi na familia, hawezi kumaliza kwa miaka 2.

Riba_Mseto

Ukiongeza kwamba vyeti vingine vya kiwango hicho vinakubalika, na mdhibiti wa nchi awe na mtihani wake mbadala ili mlango usishikwe na taasisi moja, nitaacha kupinga kifungu cha mwenye kuidhinisha oda. Kwa washauri wa kawaida bado nakataa. Wao wapewe kile cha Kanuni_Kwanza: mtihani wa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, saa 35 za kujiendeleza, na kamisheni ifutwe.

Hesabu_Wazi

Na mtihani huo mbadala usitungwe kwa sekunde 90 kwa swali. Mpeni mtahiniwa jedwali la kompyuta, kisa kimoja cha mteja kama yule mstaafu wa Kanuni_Kwanza, na saa 4.