Tupeane uzoefu: chombo chako cha anga unakipaje jina?

Mwana wa Mpagazi (Pasua, Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili ninalo moyoni tangu juzi, nikaona nililete hapa. Najua Moshi na Arusha tupo wengi tunaocheza Kerbal Space Program, Orbiter na michezo mingine ya kompyuta ya kurusha roketi.

Juzi usiku nimepoteza wanaanga watatu. Roketi haikulipuka, mafuta hayakuisha. Kilichowaponza ni jina. Nina muundo mmoja wa chombo cha kwenda Mun, mwezi wa kwenye mchezo, ambao umenikubali sana, nikaurusha mara sita bila kubadili kitu. Wanaocheza wanajua, ukirusha muundo uleule kila chombo kinatoka na jina lilelile. Basi kwenye orodha nikawa na "Mwezi 1" sita. Vitano vilikuwa vitupu, kazi vimemaliza, vinazunguka tu. Nikasema leo nifanye usafi. Nafuta, nathibitisha, nafuta, nathibitisha. Cha nne ndicho kilichokuwa na watu. Walikuwa njiani kurudi, wamebakiza siku moja kufika Kerbin, dunia ya kwenye mchezo, na parashuti zao nilishazikagua mara mbili.

Nilifunga leptopu nikakaa kimya pale mezani. Aliyewahi kuwafikisha watu kule na kuwapigia hesabu ya kurudi atanielewa.

Tangu siku hiyo hakiruki kitu kwangu bila jina lake chenyewe. Nimeyatoa wapi majina? Baba yangu alikuwa mpagazi, amebeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro njia ya Marangu miaka mingi. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinisimulia mlima kwa vituo, mita hakuzitaja hata siku moja: leo tumelala Mandara, kesho Horombo, keshokutwa Kibo. Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,700. Unapanda kidogo, unapumzika, unakula, unapanda tena. Nikaona safari ya anga ni hiyohiyo. Sasa kituo changu cha mafuta kilichoko kilomita 100 juu ya Kerbin kinaitwa Mandara. Kile cha kwenye Mun, umbali wa kilomita 12,000, ni Horombo. Cha Minmus, mwezi wa pili, kilomita 47,000, ni Kibo. Vyombo vinavyobeba mafuta kutoka kituo hadi kituo nimeviita Mgumu, Mgumu wa Pili, Mgumu wa Tatu, maana wapagazi wenyewe huitana wagumu. Nikiangalia orodha sasa hivi namwona baba na furushi lake kichwani.

Na hii wengine mnaijua, lakini mimi nilipoisoma nilisisimka. Kwenye kituo halisi cha kimataifa kule juu, maabara ya Wajapani inaitwa Kibo. Kwa lugha yao maana yake ni tumaini, haihusiani na mlima wetu. Ila Mei 2018 setilaiti ndogo ya Wakenya, 1KUNS-PF, iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani kutoka hapohapo Kibo. Mtoto wa Afrika Mashariki katokea Kibo kuingia angani! Mimi hiyo inanitosha.

Haya, karibuni. Wewe majina unayatoa wapi, na jina limewahi kukusaidia au kukuangusha?

Dada wa Sakina (Arusha)

Pole sana kaka. Hilo la kufuta limenigusa.

Langu ni la sauti. Mimi na mdogo wangu tunacheza kwenye kompyuta moja, mimi nashika kibodi, yeye anakaa pembeni ananisomea namba: kasi, umbali, mafuta. Tulikuwa tunaunganisha vyombo viwili, kimoja Tai na kingine Tausi. Kwenye skrini majina yamependeza kabisa. Mvua ikaanza. Mnajua mvua ya Arusha ikipiga bati, mtu akiwa ubavuni mwako unamsikia nusu. Tumebakiza mita 40 akapiga kelele "Ta..., rudisha nyuma!" Nikarudisha Tai. Alikuwa anasema Tausi. Vikagongana kwa ubavu, paneli za jua za Tausi zote zikang'oka, na chombo bila umeme hakina maisha.

Baadaye nikaja kugundua kwamba Wamarekani walishafika kwenye swali hili. Safari za Gemini, mradi wao wa wanaanga kabla ya Apollo, baada ya ile ya tatu zilikwenda na namba tu. Grissom, mwanaanga wa ile ya tatu, alikuwa amekipa chombo chake jina la kutania kuzama, kwa sababu chombo chake cha kwanza, Liberty Bell 7, kilizama baharini 1961, na wakubwa hawakulifurahia. Lakini Machi 1969, Apollo 9, vyombo viwili vikawa vinaruka mbalimbali kwa wakati mmoja. Ukiita "Apollo 9" redioni, nani aitike? Majina yakarudi: Gumdrop na Spider, yaani Pipi na Buibui. Hebu yatamkeni. Hata redio ikikwaruza hayachanganyiki.

Kwa hiyo kwetu sasa sheria ni moja, majina ya vyombo vinavyokutana yasianze na silabi moja. Tai amebaki. Mwenzake siku hizi ni Kobe, na kobe kweli, tangi kubwa lenye injini ndogo.

Hesabu Kwanza (Njiro)

Mimi natumia herufi na namba. S ni setilaiti, K kituo, T ya kutua, halafu kinakokwenda, halafu namba: S-DUNA-04, Duna ikiwa sayari mojawapo ya mchezo. Nina setilaiti zaidi ya 30, nikianza kuzitafutia majina ya ndege wa porini nitamaliza vitabu. Orodha yangu inajipanga yenyewe, na chombo ninachokitaka nakipata haraka.

Mwana wa Mpagazi

Mkuu, ningeujua mpango huo juzi ningekuomba uniazime. Kwa setilaiti nakubaliana nawe kabisa. Kwa chombo chenye watu bado nataka jina ambalo kidole kitasita kulifuta.

Mwalimu wa Majengo (Moshi)

Vijana, salaam. Nafundisha fizikia, na mchezo huu nautumia na wanafunzi wa klabu yetu siku za Ijumaa. Ruhusuni nikae kidogo kwenye jina moja.

Mnajua kwamba kuna chombo halisi cha anga chenye jina la Kiswahili tangu 1970? Kinaitwa Uhuru. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru wake. Kwenye makaratasi ya NASA kilikuwa SAS-1. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi ule, ndiye aliyekiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji waliowapokea. Kilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota na vitu vingine vya mbali. Miale hiyo haifiki ardhini, hewa yetu inaizuia, kwa hiyo lazima uende juu kuipokea. Na walikuja kwetu kwa sababu ya ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi pale, roketi inapata msukumo wa bure kuelekea mashariki. Ndiyo maana hata kwenye mchezo kituo cha kurushia kimewekwa kwenye ikweta. Wanafunzi wangu wakirusha kuelekea magharibi mafuta yanawaishia, ndipo wanaponiamini.

Nikiwasimulia habari hii wanatazama dirishani, na Kibo ikiwa wazi siku hiyo kilele kinaonekana, nacho kinaitwa Uhuru. Mwenge uliwekwa kule juu na Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Kwa hiyo darubini yetu ya kwanza kwenye mchezo tuliiita Uhuru, na tulipanga irushwe Ijumaa iliyo karibu na tarehe 9 Desemba. Walikuja watoto ambao si wa klabu, wakasimama nyuma mpaka mlangoni.

Utaratibu wetu ni huu. Kila anayetaka kutoa jina aandike sentensi tano kueleza sababu, halafu darasa linapiga kura. Sikuubuni. Kigari cha Sojourner kilichotua Mirihi 1997 kilipewa jina na msichana wa miaka 12 aliyeandika insha, na Curiosity vilevile, msichana wa miaka 12. Mtoto wangu mmoja, mpole, hasemi darasani, aliandika kwamba chombo cha kutua kiitwe Mawenzi kwa sababu "Mawenzi alipigwa na Kibo mpaka akachongoka lakini hadi leo amesimama." Kila mtoto hapa anajua hadithi ile ya vilele viwili vya mlima wetu, Mawenzi kwenda kuomba moto kwa kaka yake Kibo akaishia kupigwa. Chombo chenyewe kilitua vibaya, mguu mmoja ukavunjika, na kikabaki kimesimama. Darasa zima lilimgeukia yule mtoto.

Fundi Rangi (Kilombero, Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma hiyo mara mbili.

Wanangu, kazi yangu ni kuandika majina kwenye vioo vya vifodi na bodi za Fuso. Mtu akileta gari lake jipya jina halitoki hivihivi. Anakaa kwenye kopo la rangi, anafikiri, anampigia mke wake. Nimeandika Subira, nimeandika Riziki, nimeandika Dua la Mama kwenye magari sijui mangapi. Kwa hiyo nilipoanza mchezo huu roketi yangu ya kwanza niliiita jina la mama yangu mzazi. Marehemu.

Sasa anayeanza naomba anisikilize hapa. Roketi inapoacha matangi yake njiani, mchezo unachukua jina la roketi, unaongeza neno la mabaki, unaliacha pale. Baada ya safari nane nikafungua ramani nikakuta jina la mama yangu limetapakaa angani, na kila moja limeandikwa kwamba ni takataka. Nilitetemeka. Nilikaa nikaanza kufuta moja moja. Nilikuwa nasema samahani kila nikibonyeza.

Dawa niliipata kwa chalii mmoja wa Ngarenaro. Roketi nzima ipe jina la kazi, lolote, kwangu ni Mkokoteni. Ukishafika juu na matangi yameshaachwa, bofya kapsuli, ubadilishe jina hapohapo. Kwa hiyo mabaki yote ni ya Mkokoteni. Mama yuko kwenye kapsuli peke yake, nayo inarudi nyumbani.

Umerudi (Kaloleni)

Mimi nina kituo kinaitwa Umerudi. Umeme ulikatika nikiwa sekunde chache kabla ya kuwasha injini ya kuingia mzunguko, na betri ya leptopu yangu ni ya sekunde kumi. Saa tatu usiku mtaa mzima watoto wakapiga kelele "Umerudiiii!" Nikafungua, mchezo ulikuwa umejihifadhi wenyewe dakika moja nyuma. Nikawasha injini, kikaingia. Ningekiita nini kingine?

Mjukuu wa Kibosho

Fundi, nami nina la mzee wangu, ila langu bado halijaisha.

Mimi nimerithi jina la bibi mzaa baba, mnajua desturi yetu. Nilikuwa naandaa chombo cha kwenda Duna, nikataka kukiita jina hilo, langu na lake. Nikaona si vizuri bila kumwomba. Jumapili nikapanda Kibosho, nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, mikono imepakwa mafuta utomvu usishike. Nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamweleza.

Akaniuliza, "Hicho kinachokwenda huko, kinarudi?"

Nikamwambia, "Hapana bibi, hiki kinakwenda tu. Kikifika kinabaki hukohuko kinapiga picha."

Akamenya ndizi mbili nzima hajasema kitu. Kisha akasema, "Basi hicho usikiite mimi. Mtu wa kwetu analala kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo."

Sikubisha. Nimeshuka mjini nikapanga upya kila kitu. Vyombo vya kwenda bila kurudi sasa navipa majina ya mito: Rau, Karanga, Weruweru, Kikafu. Mto unakwenda zake na hakuna anayeuliza utarudi lini. Majina ya watu ni ya vinavyorudi tu. Na nimeanza kuunda cha kurudi. Kina mafuta mara tatu ya kile cha kwanza, kina ngao ya joto, kina parashuti nne. Wanaanga watatu. Kimeshatoka Mandara, nimeazima jina kwa kaka Mwana wa Mpagazi, naomba radhi sikukuuliza.

Mwana wa Mpagazi

Dada, Mandara ni ya wote. Tupe habari.

Hesabu Kwanza

Nimebadilisha kimoja. T-MUN-02 ndicho chenye watu, sasa hivi kinaitwa Subira. Vingine vyote vinabaki na namba zake.

Mjukuu wa Kibosho

Wakuu, nimerudi baada ya usiku wa nne.

Duna tulifika, tukatua, tukaondoka. Njia ya kurudi nilibakiza mafuta kidogo sana, nikaacha chombo kiingie hewani kwa pembe ndogo kikajipunguza kasi chenyewe. Ngao ikawa nyekundu, nikatoa mikono kwenye kibodi kwa sababu hapo huna la kufanya. Parashuti tatu zikafunguka vizuri, ya nne ikachelewa, ikafunguka. Kikakaa baharini saa sita na dakika kumi usiku, jina letu juu ya skrini, halina neno la mabaki mbele wala nyuma.

Asubuhi nikampigia. "Bibi, kimerudi."

"Kimerudi na watu?"

"Na watu wote watatu."

Akauliza kama wamekula. Nikasema bado. Akasema basi Jumamosi nije, na nije na hiyo simu yenye picha.