Feni, feni ya maji, kikausha hewa au kiyoyozi: kipi kinafaa kwenye fukuto?

Usiku_Mrefu
Wakuu, salaam. Baridi bado iko mbali na huku ndani hakulaliki. Joto lenyewe si la kutisha, nyuzi 31 hivi. Kinachoniua ni unyevu: kipimo kinaonyesha asilimia 80 na ushee, shuka linanata mwilini, nguo zilizoanikwa jana bado mbichi. Nina feni ya kusimama tu. Chumba kidogo, dirisha moja. Mwenye uzoefu anishauri kabla sijatoa hela.

FundiBaridi
Mkuu, feni ya maji ifute mapema. Inapoza kwa kufanya maji yageuke mvuke, na maji yakikauka hubeba joto: lita moja huondoka na joto la karibu theluthi mbili ya uniti ya umeme. Kwenye hewa kavu ni mkombozi. Kwenye asilimia 80 hewa imekaribia kushiba, na kile kidogo kinachokauka kinakuongezea unyevu uleule unaokukosesha usingizi. Mwili nao hutumia njia hiyohiyo. Jasho likitiririka tu halikupozi, mpaka likauke. Kwa hiyo kila chombo kiulize: kitakausha jasho langu?

MamaPacha
Mbona mimi ninayo na nikikaa mbele yake nasikia raha kabisa?

FundiBaridi
Dada, huo ni upepo wake tu. Funga milango, iache ifanye kazi saa kadhaa, halafu ushike shuka. Ukiitumia, fungua madirisha unyevu upate pa kutokea. Ila hapo hata feni ya kawaida ingekupa raha hiyohiyo bila kazi ya kujaza maji.

Zamu_ya_Usiku
Naitetea feni ya kawaida. Haipunguzi joto la chumba hata nyuzi moja, inampoza mtu aliyekaa mbele yake. Ukitoka, zima. Ikifika jioni na nje kumepoa kuliko ndani, isogeze karibu na dirisha, igeuze ipulize NJE, uache mlango wazi. Inatoa hewa moto, ya ubaridi inaingia kwa mlangoni. Mchana kinyume chake: pazia chini, na kama nje kuna joto kuliko ndani, dirisha lifungwe. Mwisho wake upo lakini. Shirika la Afya Duniani linasema feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40, maana zaidi ya hapo inakupulizia joto mwilini.

Kabati_Kavu
Kikausha hewa, ile mashine ya kunyonya unyevu, ninacho. Kwa nguo na ukungu wa kabatini hakina mpinzani, na ukishusha unyevu chini ya asilimia 60 ile harufu ya uvundo inakwisha. Kulala nacho ndiyo kasheshe. Umeme wote kinaokula unabaki humohumo chumbani kama joto, pamoja na joto la mvuke uliogeuzwa maji. Mimi nakiwasha nikiwa sipo.

FundiBaridi
Hapo ndipo kiyoyozi kinapowashinda wote: kinakausha hewa vilevile, ila joto kinalitupa nje. Hata Willis Carrier, mhandisi wa Marekani, alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902, shida ilikuwa karatasi za kiwanda cha uchapaji Brooklyn, New York, zilizokuwa zikivimba kwa unyevu. Hakuna aliyekuwa akiwaza usingizi wa mtu. Usinunue kikubwa kupita chumba. Kitapoza upesi, kitazima kabla hakijakausha, na utalala kwenye baridi yenye majimaji. Angalia bomba la nje: likidondosha maji mfululizo, kazi inafanyika. Kwenye rimoti, alama ya tone la maji ndiyo ya kukausha.

Usiku_Mrefu
Na umeme, kaka? Hicho ndicho kinachonitisha.

FundiBaridi
Feni ya kusimama hula wati 50 hivi, kiyoyozi kidogo huweza kufika 900 au zaidi kikiwa kazini. Ushauri wa hao Shirika la Afya ni kuweka kiyoyozi nyuzi 27 na kuwasha feni pamoja nacho. Chumba kinahisiwa kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 4. Ukishusha hadi 18, bili usimlaumu mtu.

MamaPacha
Mwenye mzee au mtoto mchanga nyumbani asitegemee kipimo cha ukutani. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo huku mwili unawaka moto, hapo feni haitoshi. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mwite gari la hospitali.

Usiku_Mrefu
Nimewaelewa. Leo feni inageuka dirishani na nguo zinahamia nje. Kiyoyozi kidogo nitakitafuta mwisho wa mwezi. Kabati_Kavu, hicho kikausha hewa chako kina kelele kiasi gani?

Kabati_Kavu
Kama friji kuukuu. Ndiyo maana nimesema nakiwasha nikiwa sipo.