Kuhama Portland kwenda Vancouver (ya jimbo la Washington, siyo ya Kanada), unafuu upo kweli?

Mbeba_Boksi
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Portland, Oregon mwaka wa nne sasa, nalea wazee shifti ya usiku. Mama watoto kaona nyumba Vancouver ng'ambo ya mto Columbia, vyumba viwili dola 1,650, hapa tunalipa 1,800. Na kashasikia Washington hawakati kodi kwenye mshahara, basi hasikii la mtu. Kwenye salari slipu Oregon wananikata kama 170 kila wiki mbili, kwa mwaka inapita 4,000 hiyo, mtu unamwaga msingi Kibaha na chenji inabaki. Kazi siachi, nitakuwa navuka daraja tu. Mliohama vipi huko?

BintiTandika
Kodi ipi mkuu, ya nyumba au ya serikali? 😂

MzeeWaDaraja
Wengi tunapigwa hapohapo. Oregon hawajali unalala wapi, wanaangalia kazi unaifanyia wapi. Ukilala Vancouver ukafanya kazi Portland utajaza fomu ya asiye mkazi na makato yako palepale, na kwa mishahara yetu hii sehemu kubwa inaangukia kwenye asilimia 8.75. Halafu ukirudi nyumbani ukanunua sabuni, tairi, viatu vya mtoto, Washington nao wanachukua kama asilimia 9 juu ya bei, kitu ambacho Oregon hakipo kabisa. Mwaka mzima nimeliwa pande zote mbili na najiona mjanja. Nafuu utaiona ukihama na kazi pia.

MamaJunia
Siyo kila kitu jamani, mchele unga nyama maziwa havikatwi hiyo kodi. Vitu vikubwa watu wanavuka kununua Jantzen Beach, maduka ya upande wa Oregon, nenda jumamosi uone pakingi ilivyojaa namba za Washington. Kisheria hata vitu hivyo ulitakiwa ukavilipie kodi nyumbani Washington, mi sijasema kitu 🤐 Ila gari usijidanganye, ukilinunua Oregon siku ya kulisajili Washington wanakudai chao hapohapo dirishani.

Mbeba_Boksi
Duh, kwa hiyo ile 170 haiendi popote? Hapa nabaki na 150 ya nyumba tu, na petroli bado sijaitoa. Na nikitafuta kazi hukohuko Vancouver cheti changu cha CNA (msaidizi wa muuguzi) si kinatosha?

MzeeWaDaraja
Cha Oregon ni cha Oregon, Washington uwaombe wakutambue kwanza. Anza na hilo, kazi usiiache ukiwa mikono mitupu. Na Washington siyo malaika, kuna mfuko wa matunzo ya uzeeni wanakata asilimia 0.58, kidogo lakini utauona kwenye slipu. Kima cha chini cha mshahara huko 2025 kilikuwa dola 16.66 kwa saa, Portland Julai ile wakapandisha hadi 16.30, hapo hakuna cha kukuhamisha.

Kipanga_PDX
Kwa shifti yako foleni ya I-5, barabara kuu ya kuvuka mto, haitakusumbua sana, asubuhi wenzio wamebanana kuja Portland we unarudi kulala. Wa mchana ndo wanaojuta.

Mbeba_Boksi
Asanteni sana wadau. Ngoja nimwoneshe huu uzi kabla hajalipa pesa ya kushikilia nyumba.

BintiTandika
Kashalipa huyo mkuu