Tupeane uzoefu: mafuta kuisha angani kwenye ndege ndogo

Mwana wa Tudor:
Wakuu, mnaorusha au kupanda ndege ndogo hapa Pwani, yamewahi kuwakaribia haya? Naanza mimi, abiria tu. Tulikuwa tukirudi Mombasa kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kusi imechachamaa. Usawa wa Kipini rubani akatazama saa, akaandika kitu kwa penseli, akasema tunashuka Malindi kuongeza mafuta. Jirani yangu akalalamika: si geji inaonyesha yamebaki? Rubani akamwonyesha hesabu. Lamu hadi Mombasa ni kama kilomita 240. Kwa mwendo wa 180 kwa saa, ni saa moja na dakika 20. Pepo za omo, yaani za kutoka mbele, zikikukalia kwa 40, unaongeza dakika zaidi ya 20, na injini inakunywa vilevile. Tukashuka. Rubani wa namna hiyo namheshimu sana.

Fundi wa Port Reitz:
Amefanya la maana. Geji za Cessna kuukuu hutegemea kielea ndani ya tangi, na ndege ikiinama kielea nacho kinacheza. Sisi tunapanda ngazi, tunafungua kifuniko juu ya bawa, tunazamisha kijiti chenye alama. Ndege isiegeshwe mteremkoni, la sivyo kijiti nacho kinakudanganya. Na kifuniko ukikaze! Kikilegea, hewa ipitayo juu ya bawa huyafyonza mafuta nje. Halafu kuna ndege ambazo unachagua tangi la kushoto au la kulia. Watu wamezimikiwa na injini ilhali tangi la pili lina mafuta tele.

Mwanafunzi, Ukunda:
Mwalimu wangu huishusha nguvu ya injini bila kuniarifu. Mkono unakimbilia kuvuta pua juu, na hilo ndilo linaloua: ndege inapoteza mwendo na kuanguka. Injini ikizima, Cessna 172 inataka mwendo wa kama kilomita 120 kwa saa ili iteleze hewani. Hapo, upepo ukitulia, kila mita 1,000 za kimo zinakupa kama kilomita 9. Za kwenda wapi? Maji yakikupwa ufukwe ni mrefu na mgumu, lakini Diani kuna watu na ngamia. Siku hizi kabla ya kupaa nauliza kwanza maji yakoje.

Mama wa Nyali:
Mkilazimika kutua baharini, jaketi za kuokolea msizijaze upepo mkiwa ndani. Mwaka 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta, ikaangukia baharini Komoro. Kuna waliojaza mapema. Maji yalipoingia yakawanyanyua hadi darini, mlango wakashindwa kuufikia.