Diwani wetu kafutiwa kesi, sasa mnataka ashukuru? Tunakwenda Mahakama Kuu Mtwara

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Atakayekuta herufi zimerukana anisamehe, ila hoja azisome.

Kuna diwani huku Lindi, wilaya za ndani huku za korosho na ufuta. Wilaya siitaji wala kata siitaji, wahusika wanajijua na mimi bado nakula mshahara wa Serikali. Ameburuzwa mahakamani zaidi ya mwaka kwa kosa la kuuliza swali. Kesi imeondolewa. Sasa anataka kufungua shauri la haki zake Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, na wanaonikera kuliko hata waliomshtaki ni majirani, madiwani wenzake na wazee wa heshima wanaomfuata nyumbani jioni kumwambia, "Mheshimiwa, yaishe. Mshukuru Mungu umetoka salama."

Salama ipi?

Kuna kijiji kwenye kata yake wakulima walikubaliana kwenye mkutano mkuu wakatwe kiasi kwa kila kilo ya korosho inayopita AMCOS, yaani chama chao cha ushirika, wajenge zahanati. Wakajenga. Boma likafika kwenye lenta likasimama hapo hapo, sasa hivi mipapai imeota ndani. Kuezeka ilikuwa kazi ya halmashauri. Kwenye Baraza la Madiwani akasimama akauliza: fungu la kuezekea tulilipitisha kwenye bajeti, liko wapi? Akajibiwa linafuatiliwa. Kikao kilichofuata akauliza tena, linafuatiliwa. Akaomba jibu la maandishi, akapewa barua ndefu isiyosema kitu. Ndipo akafanya kilichomponza. Akaitisha mkutano kijijini, akawasomea wananchi ile barua neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Watu wakacheka. Mimi naamini kabisa kile kicheko ndicho kilichowauma wakubwa. Hotuba ya kuwatukana wangeivumilia.

Akakamatwa Ijumaa jioni. Mnaoishi wilayani mnajua Ijumaa jioni maana yake nini: mahakama imefungwa, hakimu hayupo mpaka Jumatatu, ukiomba dhamana kituoni unaambiwa mkubwa katoka. Amri ilitoka juu, ile ya saa 48.

Hapa nataka tuelewane, maana watu wanadhani ile amri ni kama radi, inapiga popote. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani saa zisizozidi 48, lakini kwa masharti. Lazima pawe na sababu ya kuamini mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Lazima sababu ziandikwe zipelekwe kwa hakimu. Na sheria hiyo hiyo inasema anayeyatumia mamlaka hayo vibaya anaweza naye kushtakiwa. Sasa hiyo karatasi ya sababu iko wapi? Wakili kaiomba kwa barua. Nakala yetu ina muhuri wa IMEPOKELEWA, na saini ya karani aliyekuwa anatuangalia kama tumekuja kumwombea mabaya. Jibu mpaka leo hakuna. Mimi sihitaji digrii ya sheria kujua kwamba karatasi ingekuwepo ingeshatolewa.

Jumatatu akapandishwa kizimbani: uchochezi na mkusanyiko usio halali. Diwani kuongea na wapiga kura wake, kwenye kata yake, mchana, chini ya mwembe, mtendaji wa kijiji akiwa amekaa mstari wa mbele na kitabu cha kumbukumbu. Mkusanyiko usio halali.

Mimi ndiye mdhamini wake wa pili, kwa hiyo sisimuliwi, nilikuwepo. Wadhamini walitakiwa wawili, watumishi wa umma, wenye barua. Wiki hiyo hiyo nikaitwa na bosi wangu. Hakunifokea. Aliniuliza kama nina undugu na mshtakiwa, nikasema hapana, akazungusha kalamu mezani akasema, "Mwalimu, wewe una familia." Basi. Nikatoka. Mdhamini mwenzangu alijitoa tarehe iliyofuata na simlaumu sana, ana mama mgonjwa na uhamisho ukishaandikwa haufutiki.

Halafu ndiyo ikaanza ile ngoma ya tarehe. Tangu marekebisho ya 2022, makosa ya kawaida hayatakiwi kufikishwa mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, kwa hiyo ule wimbo wa zamani wa "upelelezi bado" kwetu haukuimbwa. Wamepata mwingine: shahidi. Shahidi amesafiri. Shahidi anaumwa. Shahidi amehamishwa kikazi. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema sentensi moja, tarehe inapangwa, mnatoka. Chai ya maziwa pale kwa mama ntilie nje ya mahakama inachukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe.

Mnaosema "hakufungwa hata siku moja baada ya dhamana" njooni muone shamba lake. Msimu wa kupuliza dawa ulimkuta kwenye benchi la mahakama. Mkorosho hausubiri tarehe ya kesi, ubwiri unga ukishapiga maua umepiga. Shemeji alihangaika na mashine ya kuazima akapuliza upande mmoja. Upande wa pili maua yalikauka yote, kahawia, ukiyashika yanapukutika mkononi. Nani atamfidia zile kilo? Hizo ndizo zilikuwa ada za watoto.

Na siasa iko wapi? Iko hapa, na msiniulize chama, kwa sababu yeye na waliomkaanga ni chama kimoja. Kesi ilifunguliwa kura za maoni zikikaribia. Kwenye kikao cha kuchuja majina wakamwambia ndugu, tunakupenda lakini una kesi ya uchochezi, isafishe kwanza. Jina likakatwa. Akapitishwa mwingine, kijana mpole, anayejua kupiga makofi. Uteuzi ulipopita tu, hata vumbi halijatulia, upande wa mashtaka ukasimama ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Shahidi aliyekuwa mgonjwa mwaka mzima hakuulizwa tena hata kama amepona.

Sasa wajuaji wa humu mnasema ameshinda. Hajashinda, mkuu. Kuachiwa huru ni hakimu kusikiliza ushahidi akasema huyu hana hatia. Yeye kaondolewa mashtaka tu, na mashtaka yakiondolewa hivyo yanaweza kurudi wakisema sasa ushahidi wanao. Hata Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati ule, kesi ya ugaidi iliyofuatiliwa nchi nzima, iliishia hivyo hivyo Machi 4, 2022: Jamhuri haina nia ya kuendelea, nenda nyumbani, na ile miezi zaidi ya saba ya rumande ikawa ni ya kwake mwenyewe. Katiba yetu ibara ya 59B inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu yeyote, na azingatie kutenda haki na kuzuia taratibu za utoaji haki zisitumiwe vibaya. Maneno mazuri sana hayo. Naomba mtu anioneshe yalipofika huku kwetu.

Wakili katuwekea njia mbili mezani. Ya kwanza ni kwenda Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3) ya Katiba na ile sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ya 1994: kwamba uhuru wake ulichukuliwa bila utaratibu, kwamba alibaguliwa kwa sababu ya msimamo wake, kwamba haki yake ya kutoa maoni ilikanyagwa. Shauri lenyewe linasikilizwa na majaji watatu. Lakini marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuapa kiapo kuonesha wewe binafsi umeumizwaje, na kuonesha umeshamaliza njia nyingine za kisheria. Kwa hiyo kabla hata hujasikilizwa unapigwa mapingamizi ya awali: mbona hukwenda kule kwanza? Ya pili ni madai ya fidia kwa kushtakiwa kwa hila. Huko unatakiwa uthibitishe kwamba kesi iliisha kwa manufaa yako, kwamba haikuwa na msingi, na kwamba nyuma yake kulikuwa na nia ovu. Na hapo ndipo "hatuna nia ya kuendelea" inapoonekana ujanja wake. Watasimama waseme hakuachiwa huru huyu, sisi tuliamua tu kutoendelea.

Na kabla ya kuidai Serikali unatoa notisi ya siku 90. Muda wa madai ya namna hii ni miaka mitatu. Kwa hiyo huyo mzee anayemwambia "pumzika kwanza mwakani tutaona" hamshauri, anamla muda.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Akishinda, atalipwa na nani? Anayeshtakiwa ni Serikali kupitia Mwanasheria Mkuu. Fidia inatoka hazina, yaani kwangu na kwako, kwenye makato yetu na ushuru wa mazao yetu. Aliyetoa amri ya Ijumaa jioni kahamishwa, yuko wilaya nyingine anapokelewa kwa ngoma na kitenge begani. Ndiyo maana diwani wetu anang'ang'ania jina la mtu na ile karatasi ya sababu viingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Pesa sijamsikia akizitaja zaidi ya hizo korosho.

Nirudi kwa watu wa "yaishe". Mnasema funika kombe mwanaharamu apite. Huku kwetu tumefunika makombe mpaka tumekosa ya kulia. Tangu vurugu za bomba la gesi Mtwara 2013, mtu wa Kusini akiuliza chochote kuhusu pesa ni mchochezi. 2018 wabunge wa huku walipouliza fedha za ushuru wa korosho zinazokwenda nje, mnakumbuka walivyoonekana. Sasa imefika mpaka kwenye bati za zahanati. Na ninyi madiwani mliobaki kwenye lile Baraza, niwaulize: baada ya mwenzenu kukamatwa, kuna hata mmoja aliyeuliza tena kuhusu lile fungu? Nimeuliza. Hakuna.

Naongezea hapa kwa sababu majibu yamekuwa mengi.

Aliyesema "nendeni Mahakama ya Afrika Arusha", ile ya haki za binadamu: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi kupeleka mashauri pale moja kwa moja, mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Jengo liko Arusha, ila siyo la kwako.

Aliyesema Mtwara si mbali: wewe uko Lindi mjini, panda basi ukafike. Mtu wa Liwale aanzie Nachingwea, vumbi kiangazi na tope masika, aje Masasi, ndipo aitafute Mtwara. Na wakili analipwa kila anaposimama.

Aliyesema nimetumwa: na nani? Mtume basi na wewe mtu wako aandike.

Tunachokosa sasa ni viapo vya waliokuwepo mkutanoni. Waliocheka walikuwa wengi sana, wa kuapa wameniambia nisubiri wavune. Kuna kijana alirekodi mkutano wote kwa simu, alinionesha mwenyewe, sauti inasikika vizuri mpaka pale anaposoma aya ya mwisho ya barua. Juzi namwomba ananiambia simu ilianguka kwenye maji. Kaka, najua unasoma humu. Ile simu nimekuona nayo Jumapili unalipia vocha. Inboksi iko wazi, jina lako halitatajwa mpaka wakili akubaliane na wewe, na notisi inapelekwa wiki hii ukiwepo au usipokuwepo.